Nilivyosomea kuongoza okestra kwa mwalimu aliyeninyima kijiti

Muhula mzima wa kwanza mwalimu wangu hakuniruhusu kushika kijiti, kile kifimbo chembamba cha kuongozea wapigaji. Nimetoka Moshi mpaka Ohio, Marekani, kusomea masta ya kuongoza okestra, kwenye begi nina kijiti kizuri walichonipa wanakwaya wenzangu siku ya kuniaga, alafu mama wa miaka sitini na kitu ananiambia hicho kiache nyumbani kwanza, mkono wako bado haujui unataka kusema nini. Basi miezi ile tuliongoza kwa mikono mitupu, mimi na wenzangu wawili, na mara nyingi hatukuongoza kabisa, tunakaa mezani na skoa na penseli tu. Skoa ni kile kitabu cha noti chenye vyombo vyote kwa pamoja, ukurasa mmoja unaweza kuwa na mistari ishirini na zaidi imepangwa juu mpaka chini, filimbi huko juu, besi huku chini kabisa, na wewe unatakiwa uusome wote kwa mara moja na uusikie kichwani kabla hata mtu mmoja hajapuliza.

Simtaji jina, mwenyewe hapendi kutajwa tajwa. Wanafunzi wengine walimwita kwa jina lake la kwanza, ndo kawaida yao kule, mi ulimi uligoma kabisa, mtu mzima vile, nikamwita Mwalimu, na yeye akaizoea mpaka imeili zake kwangu anasaini hivo. Kabla ya kuongoza alikuwa mpiga honi, ile honi iliyojikunja mviringo, miaka mingi amekaa ndani ya okestra akiwatazama waongozaji wazuri na wabaya kutoka kwenye kiti cha mpigaji. Nadhani ndo maana kila swali lake lilianzia kwa mpigaji. Hakuniuliza mkono wako umependeza? Aliuliza, yule wa basuni ya pili amejuaje aingie saa ngapi?

Mi nimekulia kwenye matarumbeta ya KKKT. Kwa asiyejua, sharika nyingi za Kilutheri kule Kilimanjaro zina kundi la tarumbeta, mbegu ya wamisionari wa Kijerumani, na kundi hilo linapiga Pasaka alfajiri, linapiga harusini, linapiga msibani. Baba mdogo ndo alinikabidhi tromboni nikiwa bado shule ya msingi. Baadae ikaja kwaya, baadae digrii ya muziki pale Chuo Kikuu cha Makumira, na huku naongoza kwaya ya vijana usharikani. Kwa hiyo nilifika Marekani najua kuanzisha watu, najua kuwasimamisha, najua kuwatia moto. Mwalimu aliyaheshimu hayo yote, hakuwahi kuniambia yafute, ila alinieleza mapema kabisa tofauti iko wapi. Kwaya yako inakujua, alisema, wimbo mmeuimba mwaka mzima, hata ukiweka mikono mfukoni wataimba. Okestra haikujui. Watu sitini au themanini, kila mmoja mbele yake ana karatasi ya chombo chake tu, hajui mwenzake kaandikiwa nini, mwenye picha nzima pale ni mmoja na ndo wewe, sasa kama hata wewe picha hiyo huna umepanda pale kufanya nini.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa Simfoni ya Kwanza ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 2 Aprili 1800. Mtu atasema hiyo si ndogo tu, okestra yenyewe si kubwa, noti hazitishi. Ngoja sasa. Simfoni inaitwa ya C, lakini akodi ya kwanza kabisa, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, inakuvuta kwenda F, kipimo kinachofuata, yaani kile kifungu kidogo cha mapigo, inakuvuta kwenda A minor, kinachofuata tena inakuvuta G, yaani jamaa anabisha hodi milango mitatu kabla hajaingia nyumbani kwake. Na kwenye akodi hiyo ya kwanza wapulizaji wanapiga kwa nguvu alafu wanapunguza hapo hapo na kuishikilia, wakati watu wa nyuzi wanadonoa kwa kidole, tuk, imeisha. Makundi mawili yanahitaji vitu viwili tofauti kutoka kwenye mkono mmoja. Mpulizaji anahitaji umpe nafasi ya kuvuta pumzi. Mdonoaji anahitaji ajue sekunde ipi hasa kidole kiachie. Ukiinua mkono bila wewe mwenyewe kupumua, filimbi ataingia kivyake, obo kivyake, na nyuzi watakuwa wameshatangulia.

Tulikaa kwenye pigo hilo moja kwa wiki. Nasema pigo moja lakini kwa kweli ni lile linalokuja kabla yake, la maandalizi, lisilo na sauti yoyote. Alinifundisha kwamba ndani ya mwinuko ule mdogo wa mkono watu wote wanatakiwa wapate mwendo, ukubwa wa sauti, na aina ya sauti, kama ni ya kubembeleza au ya kukata. Vyote hivyo kabla. Sauti ikishatoka umechelewa, huwezi kuirudisha. Ananiambia inua, nainua, anasema hapana hiyo ni ya haraka kuliko ulichotaka, imba kwanza, naimba, haya inua sasa, nainua, anatulia kidogo, anasema mara nyingine tena. Kuna siku somo zima liliisha hivo na nilitoka pale mabega yananiuma, lakini kitu kimoja kimekaa mwilini mpaka leo, sijawahi tena kuinua mkono bila kuvuta pumzi.

Sheria yake ilikuwa usisimame mbele ya watu mpaka uweze kuimba kila sauti kwenye skoa. Si fidla ya kwanza tu, hiyo kila mtu anaiimba, ni viola, ni klarineti ya pili, ni timpani. Alifungua ukurasa wowote akaweka kidole, haya imba hii. Na kila asubuhi kabla ya vipindi tulikuwa na kolali za Bach, zile tenzi za sauti nne, kitabu kinachotumika sana vyuoni kina kolali 371, unapiga sauti tatu kwenye piano na ya nne unaimba mwenyewe, alafu kesho unabadilisha, ile uliyoimba unapiga na nyingine unaimba. Mimi piano haikuwa nyepesi, nilianza ukubwani, ila kuimba sauti ya tatu huku masikio yako kwenye ya nne hilo nimelifanya maisha yangu yote, na kolali kadhaa zilikuwa tuni zile zile tunazoimba kanisani kwetu kwa Kiswahili. Alivyogundua hilo alifurahi sana, akawa ananiambia niwaimbie wenzangu kwa Kiswahili kwanza ndo tuendelee.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kusoma vyombo vinavyoandikwa tofauti na vinavyolia. Klarineti ya B flati ikiandikiwa C inalia B flati. Honi ya F ikiandikiwa C inalia F ya chini yake. Sisi kwenye matarumbeta ya kanisani tulifundishwa kusoma sauti inayosikika moja kwa moja, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa na njia moja tu. Na kwenye skoa za zamani honi hazikuwa na valvu za kubonyeza, mpigaji alibadilisha bomba kulingana na wimbo, ndo maana ukurasa huu honi ni ya E flati, ukurasa ule ni ya D, na wewe unabadilisha kichwani huku muziki unaenda. Mwalimu hakuwa na njia ya mkato. Alinipa mistari ya honi nikae nayo niiimbe kwa sauti halisi, kila siku, mpaka macho yakazoea. Alisema siku mpigaji atakuuliza noti yangu hapa ni ipi, na ukabaki unahesabu vidole, siku hiyo umempoteza.

Alafu kulikuwa na zoezi lake la piano mbili. Kwenye darasa la kuongoza hatukuwa na okestra kila siku, okestra ni ghali na muda wa wapigaji ni mchache, kwa hiyo wanakaa wapiga piano wawili wanagawana skoa, na wewe unaongoza hao. Sasa yeye alikuwa anapita nyuma anawanong'oneza wapige noti fulani vibaya, au mmoja achelewe kidogo, na wewe unatakiwa umkamate. Si kusema tu kuna kitu hakiko sawa, hapana, useme nani, wapi, na noti gani ilitakiwa. Mwanzoni mikono ikifanya kazi masikio yanafunga, hiyo inatokea kwa karibu kila mtu, mwili unashughulika na mapigo na unasahau kusikiliza. Ndo alichokuwa anakijenga. Kuongoza ni kusikiliza, mikono ni namna ya kujibu ulichosikia, hilo ndo somo lake lote kwa kweli na mengine yote yanatokea hapo.

Tulibishana jambo moja nalo nalisema maana hata mwenyewe anapenda nilisimulie. Alikataza kusikiliza rekodi kabla hujaijua skoa. Hoja yake ni kwamba rekodi inakupa mwendo wa mtu mwingine, mapumziko ya mtu mwingine, alafu unasimama pale unaigiza bila kujua kwa nini. Nikamwambia Mwalimu, kwetu mtu anajifunza muziki kwa sikio, mtoto anakaa katikati ya wanakwaya anashika, hajaona karatasi, na huyo mtoto baadae anasikia akodi ikipotoka hata umbali wa barabara mbili, sasa kwa nini nianze kwa kuziba hilo sikio. Alinyamaza. Wiki iliyofuata akarudi na mapatano: nisome skoa kwanza mpaka mwisho mara moja kwa uaminifu, alafu nisikilize, lakini rekodi tatu zinazotofautiana, kamwe si moja, na kila zinapotofautiana nirudi kwenye skoa niseme nani ana hoja. Mpaka leo hiyo ndo njia yangu na nawapa wengine. Mwalimu anayeweza kukaa na hoja ya mwanafunzi wiki nzima akaifanyia kazi ni adimu, jamani, niamini.

Kijiti nilikishika muhula wa pili na okestra ya mafunzo, kila mwanafunzi anapata dakika ishirini, labda. Video inapigwa kutoka nyuma ya wapigaji, inakutazama wewe usoni. Baadae ofisini kwake mnaitazama video mara mbili, mara ya kwanza anazima sauti, anasema niambie okestra hii inapiga kwa nguvu au taratibu, noti za nyuzi ni ndefu au fupi, nionyeshe kwa mikono yako tu. Kama mikono haisemi, haisemi, hapo huna pa kujificha. Mara ya pili anageuza skrini mnasikiliza sauti tupu. Na alikuwa ameandika, kila zoezi, kwenye karatasi zake za njano, mwandiko mdogo, namba ya kipimo na neno moja au mawili. Kipimo 34, pumua. Kipimo 58, mwangalie viola. Karatasi zile ninazo zote.

Kuhusu kuongea. Mimi Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya Kichaga na Kiswahili, na niliogopa kwamba nitasimama pale nikose maneno. Yeye akasema hiyo ni bahati yako, wanaojua kuongea ndo wanaua mazoezi. Watu sitini wakikusubiri umalize hadithi yako ya dakika moja, umekula saa nzima ya watu. Kwa hiyo: simamisha, subiri kimya, taja nani, taja wapi, taja nini, endelea. Honi, vipimo vitano kabla ya herufi F, fupi zaidi, asanteni. Herufi hapo si noti, ni alama kwenye karatasi za wote ya kujua mko wapi. Ukitaja wapi kabla watu hawajanyamaza utarudia mara tatu. Na ukihesabu vipimo unahesabu pamoja nao, taratibu, maana wao hawana skoa, wanahesabu kwa kidole kwenye karatasi zao. Kama neno halipo, imba. Niliimba sana. Kuna fungu la nyuzi ambalo lilikuwa linatoka gumu gumu, sikuwa na neno lake, nikawaimbia kama tunavyoimba wimbo wa jioni nyumbani, na fidla zikabadilika palepale, aliyeongoza fidla akanikonyeza.

Nilikuwa nalipiwa ada na posho kidogo kwa kufanya kazi ya chuo, na kazi yenyewe ilikuwa maktaba ya okestra. Watu wanaidharau kazi hii. Unapanga viti, unagawa karatasi, unafuta penseli za zamani, na kubwa zaidi unaandika alama za upinde, juu au chini, kwenye kila karatasi ya nyuzi, maana fidla zote za kwanza zinatakiwa upinde uende upande mmoja na kiongozi wa fidla ndo anaamua, wewe unanakili. Fidla mbili zinakaa stendi moja, wa ndani ndo anafungua ukurasa. Kama ukurasa unafunguliwa mahali wanapiga kwa nguvu, nusu ya sauti inapotea, na usipojua hilo utadhani wavivu. Haya yote nilijifunza maktaba usiku na si jukwaani, na Mwalimu mara nyingi alikuwepo, anafuta penseli na yeye, huku tunaongea mambo ya muziki na mambo ya nyumbani.

Mwaka wa pili, katikati ya baridi kali, ikaja simu kwamba baba mdogo amefariki. Yule yule wa tromboni. Nauli ya kurudi haikuwepo na hata ingekuwepo nisingewahi mazishi. Nilienda kwenye somo kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Mwalimu alifunga skoa, akauliza kwenu leo wangempigia nini. Nikamwambia. Akatoa honi yake kwenye kasha, akaniambia nenda kachukue tromboni, na tukapiga, tenzi moja baada ya nyingine, mimi namwimbia tuni mara moja yeye anaweka sauti ya pili kwa sikio. Hakusema maneno ya faraja, na sikuyahitaji. Saa ile ile matarumbeta walikuwa wameshamsindikiza kule nyumbani, na mi nikaona na mimi nimempigia.

Baada ya hapo, sijui kama alikuwa amepanga siku nyingi au wazo lilimjia siku ile, alinipa skoa ya Florence Price, Simfoni ya Kwanza, katika E minor. Nilikuwa simjui. Mama Mweusi wa Marekani, kazaliwa Little Rock, Arkansas, 1887, na simfoni hii ilipigwa na okestra ya Chicago tarehe 15 Juni 1933 chini ya Frederick Stock, mara ya kwanza okestra kubwa ya Marekani kupiga simfoni ya mwanamke Mweusi. Alifariki 1953, jina likafifia, na mwaka 2009 rundo la miswada yake likakutwa kwenye nyumba iliyoachwa wazi huko St. Anne, Illinois. Fikiria, muziki umelala ndani ya nyumba mbovu. Fungua sasa sehemu ya pili ya hiyo simfoni: ni tenzi, na anayeiimba ni kundi la matarumbeta na tromboni, taratibu, kwa utukufu, kama kundi la kanisani. Niliisoma kitandani usiku ule na nikawasikia watu wa kwetu kabisa.

Ndo ikawa kazi kubwa ya tamasha langu la kuhitimu. Na humo ndani Price ameandikia ngoma za Kiafrika, kubwa na ndogo. Wapiga ngoma wakaniuliza mimi, bila shaka, ni ngoma gani. Nikamwambia Mwalimu, Afrika haina ngoma moja, ngoma ya kwetu si ya Senegal, siwezi kusimama hapa nikasema ndo hii. Akajibu basi chagua sauti na uwe na sababu yake kwenye skoa. Tukajaribu ngoma mbalimbali na jamaa wa midundo, tukasikiliza ipi inakaa chini ya tenzi bila kuifunika, na ipi inabeba sehemu ya tatu ya simfoni ambayo inaitwa Juba, dansi ya watumwa waliokuwa wanapiga mapaja na vifua na makofi, kwa sababu sehemu nyingi walikatazwa kuwa na ngoma zenyewe. Niliwaambia wapigaji habari hiyo kwa sentensi mbili, hapo nilivunja sheria ya kutoongea na Mwalimu hakusema kitu.

Kwenye tamasha lile lile tuliweka Largo, ile sehemu ya polepole, ya mtunzi Mcheki Dvořák, kutoka simfoni yake ya tisa iliyopigwa mara ya kwanza Carnegie Hall, New York, Desemba 1893, kipindi yeye ni mkuu wa chuo cha muziki pale, na mwanafunzi mmoja Mweusi, Harry Burleigh, alikuwa anamwimbia nyimbo za kiroho za watu wake. Kuna solo maarufu ya koranglei, ndugu mkubwa wa obo. Aliyepiga alikuwa dada mmoja hodari, na mi kwenye mazoezi nikawa nampigia kila pigo kwa uangalifu. Karatasi ya njano ikaja na maneno mawili: mwache aimbe. Siku iliyofuata nikaongoza wale nyuzi wa chini yake tu, walioziba sauti kwa vibanio, nikahakikisha zulia lipo, yeye akatembea juu yake alivyotaka. Nilisikia tofauti mpaka mgongoni.

Mwalimu hakunificha ukweli wa kazi. Alinikalisha akanisimulia Dean Dixon, kijana Mweusi wa Harlem, New York, aliyeongoza New York Philharmonic mwaka 1941, na bado hakupata okestra ya kudumu nchini kwake kwa sababu ya rangi, akaondoka 1949, akaja kupewa okestra Gothenburg, Sweden, baadae ya redio Frankfurt na ya Sydney. Sikusimulii ili uogope, alisema, nakusimulia ili ujue unasimama baada ya nani. Na milango aliyoweza kuifungua aliifungua kwa mkono wake. Okestra ya mtaa mji wa jirani walipotafuta msaidizi aliendesha gari kwenye theluji kuja kukaa nyuma ya ukumbi na karatasi zake, mimi nikiwa nimeshahitimu, hakuna aliyemlipa. Sa hivi naongoza hapo, na nikipata likizo narudi Moshi kwa matarumbeta.

Nawaambia haya yote kwa sababu vijana wa kwaya wananiuliza niende chuo gani, na mimi nasema anza na mwalimu, jina la chuo baadae. Kazi hii inarithishwa mkono kwa mkono. Ilya Musin kule Leningrad aliwafundisha Temirkanov, Gergiev na Bychkov, wote waongozaji wenye majina. Hans Swarowsky wa Vienna alikuwa na Abbado na Mehta kwenye darasa lake. Jorma Panula kule Helsinki, Salonen na Oramo na wengine tele. Haikuwa bahati nasibu hiyo, ni mtu aliyekaa na wanafunzi wake.

Maombi yanakwenda hivi: unatuma video kwanza, kamera ikikutazama usoni, wakikupenda wanakuita odisheni, unaongoza okestra yao, unapimwa masikio, unahojiwa. Nafasi ni chache sana, mara nyingi mtu mmoja au wawili kwa mwaka, kwa sababu dakika za okestra hazigawanyiki kwa watu kumi. Huna okestra? Mi sikuwa nayo. Niliongoza matarumbeta, kwaya, na fidla chache tulizokusanya Arusha, na nikamwandikia Mwalimu kabla ya kuomba nikamweleza hali halisi, akajibu kwa maswali ukurasa mzima kuhusu nilichokisikia kwenye video yangu mwenyewe. Hapo nikajua. Kwa hiyo ukimwandikia profesa, muulize kwa adabu mwanafunzi anapata dakika ngapi mbele ya okestra kwa wiki, nani anakaa kwenye mazoezi hayo, na video zinatazamwa na nani. Muulize ada inalipwaje na kazi utakayopewa ni ipi, wakikwambia maktaba ichukue kwa mikono miwili. Omba uongee na wanafunzi wake wa sasa bila yeye kuwepo. Na kama jibu ni kwamba yeye husafiri sana na msaidizi wake ndo atakuwa na wewe, mshukuru, endelea kutafuta.